Likizo Niliyosoma kwa Kidole cha Mwisho

Tangazo kwamba mwaka huu hata sisi tusioona tumekaribishwa kwenye usomaji wa likizo lilibandikwa mlangoni mwa maktaba. Lilikuwa na maandishi ya rangi mbili na picha ya mtoto aliyevaa miwani. Hayo yote niliambiwa na jirani yangu wa hapa Manundu, Korogwe, anayeuza mchicha, aliyepita pale akalisoma. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kipofu gani angekwenda kusimama mlangoni kusoma tangazo? Kisha nikanyamaza, kwa sababu nafasi ile niliitaka kuliko nilivyopenda jirani ajue.

Macho yangu yaliondoka kwa presha. Si ile ya damu, ni presha ya macho, ambayo haiumi wala haipigi hodi. Nilikuwa na kibanda cha chai na chapati karibu na stendi. Nikaanza kuangusha vikombe vilivyokuwa pembeni, nikadhani ni uchovu wa kuamka alfajiri. Nilipofika hospitali daktari akaniambia kilichoondoka hakirudi, tutajaribu kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Najua mchana umefika, najua mtu amesimama mlangoni, basi.

Tangu hapo watu wengi wameacha kuzungumza nami, wanazungumza na aliyekaa karibu yangu. Anakunywa chai huyu? Anaweka sukari? Mimi nipo palepale, masikio yangu mazima, ninasubiri mwenzangu anijibie kama mtoto aliyepelekwa kliniki. Zamani nilikuwa mkali. Siku hizi ukali wangu hauna pa kwenda, maana ukimfokea mtu halafu ukahitaji mkono wake kuvuka barabara, utavuka na nani?

Lakini kilichoniuma zaidi si hicho. Mimi nilikuwa msomaji. Kanisani nilisoma masomo ya Jumapili, na mtu akifariki huku Manundu au kule Korogwe ya zamani, mara nyingi mimi ndiye niliyepewa karatasi ya wasifu wa marehemu. Kazi ile ina ufundi wake. Unasoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa au aliolewa na nani, aliugua nini, ameacha watoto wangapi na wajukuu wangapi. Kwenye ugonjwa huharakishi, kwa sababu wapo waliokuja kusikia hapo tu. Na hulii mpaka umemaliza, hata marehemu akiwa wako. Baba yangu nilimsoma mwenyewe, kule kwetu Kang'ata, sauti haikutetereka. Jioni ile mama aliniambia kwamba na yeye siku yake ikifika nitamsoma mimi.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mama aliniita. Miguu ilikuwa imevimba, pumzi imekuwa fupi, na mdogo wangu anayeishi naye kule Kang'ata alikuwa akinipigia simu kwa ile sauti ya kujifanya hakuna kitu. Nilikwenda. Nikamkuta mama ameketi kitandani na mito mgongoni. Hakuzunguka. Alinikumbusha ahadi.

Nikamwambia, mama, mimi sioni. Akasema anajua. Nikamwambia nitasimama nizungumze kwa kichwa, maisha yako ninayajua. Akakataa. Mama hakuwahi kujifunza kusoma hata herufi moja, na pengine kwa sababu hiyo aliiheshimu karatasi kuliko sisi tuliosoma. Alisema mtu anayezungumza msibani bila karatasi huongeza chumvi, na penye uzito huruka. Nikamwambia basi nitarekodi kwenye simu, nitaifungulia sauti. Hilo nalo akalikataa, akasema simu ni ya kutangazia mnada.

Kisha akanieleza alichokuwa anakitaka, na ndipo nikaelewa kwa nini hakumtaka kaka yetu wala mchungaji. Kwenye wasifu huwa tunasema marehemu ameacha watoto kadhaa. Sisi kwa mama tulihesabiwa watano, siku zote watano. Lakini kabla yetu walikuwepo wawili wengine, waliozaliwa kwenye shamba la mbali kabla wazee hawajahamia kijijini. Wa kwanza alikufa akiwa anatambaa, wa pili alikuwa ameanza kusimama. Walizikwa na wazee wa ukoo ambao sasa wote wamekufa, na mama aliambiwa asiwataje, atafunga tumbo asizae tena. Akatii. Alitii miaka yote ile mpaka na baba akafa bila kuwataja.

"Kila msiba nasikia ameacha, ameacha," alisema. "Na hawa walioniacha mimi, nani atawasoma?"

Nilimshika mkono, nikarudi Korogwe na jambo ambalo sikuwa na uwezo nalo. Ndiyo sababu jirani aliponisimulia tangazo la maktaba nilicheka, halafu nikanyamaza.

Usomaji wa likizo ni wa watoto kwa kawaida. Shule zikifungwa mwezi wa sita, wanakusanywa maktaba, wanasoma, wanachora, wanashindana, wanapewa juisi. Mwaka huu wakaamua kuwaongeza wasioona na wenye uoni hafifu wa rika zote, na nia ilikuwa njema kabisa. Mama wa maktaba alitupokea kwa furaha hata ikanibidi nimpende. Siku ya kwanza alimpa kila mmoja wetu kadi. Akatueleza kwamba kila ukimaliza kitabu utabandika nyota, nyota za dhahabu kwa vitabu virefu na za kijani kwa vifupi. Kisha nikasikia anarudisha karatasi ya nyota mezani. Nadhani ndipo alipotuona, tumepanga mstari na kadi zetu mikononi. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mwenye mtoto wa jicho pande zote mbili, akamwambia asijali, yeye zake abandikiwe za dhahabu tu hata akisinzia.

Na kusinzia alisinzia. Walikuwa wameleta spika na hadithi zilizosomwa na watu wenye sauti nzuri, na mzee yule alikuwa akiegemea kiti, hadithi ikifika katikati anakoroma. Wengine waliletewa vitabu vya herufi kubwa na taa ya mezani, na watoto wakapewa picha za kupapasa, zilizotengenezwa kwa kamba na kitambaa. Mimi niliomba nukta nundu, yale maandishi ya vipele ambayo wasioona huyasoma kwa vidole.

Mwalimu wa nukta nundu alikuwa kijana aliyezaliwa haoni, amekuja likizo kutoka shule anayofundisha. Alinipa shikamoo, akaomba mikono yangu. Akavipitia vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayekagua maharage kabla ya kuyapika. Akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini. Nikamwambia chapati.

Anayepika chapati kwa kijiko hajui chapati. Sisi tunageuza kwa vidole, juu ya chuma chenye moto, chapati baada ya chapati, mpaka vidole vinaacha kulalamika. Mimi nilikuwa najivunia hilo. Wateja walikuwa wakinitania kwamba naweza kushika kaa la moto na nisijue.

"Mama," mwalimu alisema, "vidole vyako vimevaa viatu."

Tulicheka wote wawili, lakini nilijua amesema nini. Aliweka karatasi chini ya kidole changu cha shahada na kuniuliza nasikia nini. Nilisikia karatasi. Cha kati, karatasi. Cha gumba, hata karatasi sikuisikia vizuri. Alinipa maji ya uvuguvugu niloweke, akanipaka mafuta, akanisugua na jiwe la kusugulia miguu. Siku zilizofuata nilirudi nikaambulia hayohayo. Kando yangu binti mdogo wa shule alikuwa anasoma kwa kasi, vidole vyake vinakwenda juu ya karatasi vikitoa sauti ndogo kama panya kwenye majani makavu, na mimi nimekaa na mikono iliyonilisha mimi na wanangu, haifai kwa herufi moja. Nilipofika nyumbani nililia. Sikulia kwa ajili ya macho, macho nilishayalilia. Nililia kwa ajili ya vidole.

Ilikuwa bahati tu kwamba siku moja kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kiliburuzika pembeni ya karatasi na kikasikia kitu. Kidole kile hakijawahi kugeuza chapati. Kwenye moto mtu hukiinua juu, kinakaa bure, kinatazama wenzake wakiungua. Nikamwita mwalimu. Akanishika mkono, akakiweka juu ya mstari, na nikasikia kipele kimoja, kisha viwili vimesimama, kisha vitatu. Ilikuwa a, b, l. Nikasema herufi hizo kwa sauti hata mzee wa reli akaamka.

Basi nikawa nasoma kwa kidole kile kidogo kisichozoea kazi, mkono umepinda vibaya, bega linauma. Nilisoma polepole mno. Neno moja lilinichukua muda ambao zamani ungenitosha ukurasa. Na kila nilipoanza kupata kasi, mdogo wangu alipiga simu kwamba mama hakula, au amekula akatapika. Sikuweza kuharakisha kidole na sikuweza kumchelewesha mama. Nilikuwa nimekaa katikati ya vitu viwili ambavyo havinisikilizi.

Mwalimu alinifundisha na kuandika. Kuna kibao chenye vidirisha vidogo na kidude chenye ncha kama msharasi wa fundi viatu. Unatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, kinyumenyume, halafu unageuza karatasi na vipele vinajitokeza upande wa pili. Alinipa karatasi ngumu, akaniazima kibao. Mwisho wa mwezi nilipanda gari la Handeni na kutoka hapo nikachukua bodaboda mpaka kwa mama.

Mdogo wangu alikuwa shambani siku ile, tukabaki wawili. Mama alisema, nami nikatoboa. Alizaliwa wapi, mama yake nani, aliolewa lini kwa kukumbuka ilikuwa baada ya njaa gani. Alikuwa akipumzika kila baada ya maneno machache, na mimi nilikuwa mzito, kwa hiyo tulilingana. Tulipofika kwa watoto alianza na wale wawili. Wa kwanza alikuwa na jina la bibi yangu, jina ninalolifahamu. Wa pili, mtoto wa kiume, alipewa jina la Kizigua la zamani sana, la mtu wa ukoo wa kina mama, ambalo sijawahi kumsikia mtu mwingine akiitwa. Mama alilitamka polepole. Nilimwomba alirudie, nikatoboa herufi baada ya herufi. Kisha akatutaja sisi watano.

Nilipomaliza aliniambia nimsomee. Nikageuza karatasi na kumsomea kwa kidole changu cha mwisho, kwa kukwama na kurudi nyuma. Nilipofika kwa yule mtoto wa kiume nikalisoma jina lake lote. Mama alinyoosha mkono akauweka juu ya karatasi, akavipapasa vile vipele. Alisema vinafanana na vipele vya joto shingoni mwa mtoto. Nadhani alikuwa analia, lakini ndiyo hivyo, sikuona.

Nilirudi maktaba kumaliza mafunzo, karatasi nikiwa nayo ndani ya mkoba. Mama akafariki kabla likizo haijaisha. Nilipigiwa simu asubuhi nikiwa nachemsha maji ya kuloweka vidole.

Msiba wetu ulijaa watu. Kaka alikuwa ameandika wasifu wake kwa kalamu, wa watoto watano, lakini nilisema mama alinikabidhi mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nipofuke watu wakanisikiliza mimi badala ya aliye karibu yangu. Nilimkabidhi mdogo wangu mkoba wangu anitunzie, maana mtu asiyeona kwenye nyumba ya msiba hana mahali pa kuweka kitu akakikuta. Nilimwambia humo mna karatasi ya mama. Akasema nisiwe na wasiwasi. Usiku ule hatukulala na uliofuata pia hatukulala.

Siku ya maziko mdogo wangu aliamka mapema. Alifagia, akapanga viti, akapiga pasi vitenge vya sare vya familia nzima kwa pasi ya mkaa. Wakati wangu ulipofika alinishika mkono, akaniongoza mpaka karibu na jeneza. Aliniwekea karatasi mikononi na kuninong'oneza sikioni.

"Dada, nimekunyooshea. Ilikuwa na makunyanzi na vipele vitupu, nikailoweshea kitambaa nikaipiga pasi vizuri. Sasa inapendeza."

Nilipitisha kidole. Ilikuwa laini, laini kabisa, kama bahasha mpya. Nikatafuta mwanzo wa mstari, nikarudi, nikajaribu katikati, nikajaribu chini. Hapakuwa na kitu. Watu walikuwa wakinisubiri, na mdogo wangu amesimama ubavuni mwangu, bado ameshika kiwiko changu, mikono yake inanuka moshi wa mkaa.

Sikumkasirikia. Nilitafuta hasira sikuiona. Alifanya kile ambacho sisi hufanya kwa kila kitu kinachokwenda mbele ya watu siku ya heshima, tunakipiga pasi. Alijua kwamba dada yake anasoma kwa vidole. Alidhani uwezo uko vidoleni, si kwenye karatasi. Ningeanzia wapi kumweleza pale, mama yetu akiwa hatua chache mbele?

Kwa hiyo nilisoma. Nilikipitisha kidole juu ya karatasi tupu kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mwendo uleule wa pole, nikasema alizaliwa wapi, na mama yake nani, na njaa ile. Nilisema vizuri, watu waliniambia baadaye. Nikafika kwa watoto. Nikasema mama alizaa watoto saba. Nikasikia minong'ono. Nikamtaja wa kwanza kwa jina lake, lile la bibi, nikasema alikufa akitambaa. Nikafungua mdomo nimtaje wa pili.

Jina halikuwepo. Nililitafuta kwa mdomo na kwa kidole. Nilikuwa nimelitoboa mwenyewe, nimelisoma kwa sauti mama akiwa hai, na sikuwa nimelihifadhi kichwani kwa sababu karatasi ipo, na mama alinifundisha kuiamini karatasi. Mtu nyuma akakohoa. Mdogo wangu alinibonyeza kiwiko kwa huruma, akidhani nimezidiwa na kilio.

"Na mdogo wake," nikasema.

Kisha nikatutaja sisi watano, mmoja mmoja, na wajukuu, na vitukuu. Nikamaliza bila kulia. Kaka alinishika bega, akasema hata yeye hakujua kwamba wengine walikuwepo. Nilimuuliza baadaye, nikawauliza na wazee wote waliokuwepo kama kuna aliyewahi kusikia jina la yule mtoto wa kiume. Walinionea huruma. Mmoja alisema watoto wachanga waliokufa zamani walikuwa wengi.

Siku ya kufunga usomaji wa likizo nilikwenda maktaba na ile karatasi. Kulikuwa na juisi na keki, na mzee wa reli alikuwa amevaa nyota zake za dhahabu kifuani. Nilimwonyesha mwalimu wapi palikuwa na mistari ya watoto, karibu na chini. Akaenda kunawa mikono, akaikausha vizuri, akarudi. Aliipapasa muda mrefu. Akaigeuza akapapasa upande wa nyuma, kwenye mashimo. Akajaribu kwa kidole, akajaribu kwa mdomo wa chini, ambao alisema husikia zaidi. Mama wa maktaba alizima spika ili asimsumbue.

Mwisho aliniambia amepata herufi ya kwanza, S. Huenda kuna a baada yake, au huenda ni alama ya pasi. Nyingine zote zimelala.

Mzee wa reli, ambaye mke wake alikuwa Mzigua, akavuta kiti akaanza kunitajia majina yanayoanza na S. Aliyataja ya wanaume, ya wazee wa ukweni, ya watu waliokufa zamani. Nilimsikiliza mpaka akaishiwa. Kila jina nilikuwa nalisema kimoyomoyo, nikisubiri moyo ushtuke. Haukushtuka.

Nyumbani naendelea. Nikikuna nazi najaribu jina moja, nikikosa natoa jingine. Mdogo wangu akipiga simu huwa ananiuliza kama ile karatasi bado imenyooka, namjibu imenyooka. Anafurahi. Mtoto yule, katika dunia hii yote, alikuwa amebaki na mtu mmoja tu wa kumwita jina lake, na mtu huyo aliniachia mimi.